Kivuli Kinachohama: Kuisoma Mibuyu ya Mama Ngina

Mibuyu ya bustani ya Mama Ngina, kusini mwa kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa, haina safu. Hapa mingine imesongamana, pale uwazi mpana, kisha mmoja umejitenga karibu na jabali la bahari. Upande huu ndiko ulikokuwa mji wa Tuaca, na pwani yetu mbuyu mkongwe mara nyingi husimama palipokaliwa na watu. Mpangilio huo basi haukutoka kwenye mchoro wa fundi, na anayeuhakiki asiutafutie urari. Autazame kwa kivuli.

Mbuyu hupukutisha majani wakati wa ukame. Kaskazi inapovuma na jua la Januari likiunguza, mti mnene kuliko yote huwa ndio wenye kivuli haba. Kinachobaki ni kivuli cha shina: asubuhi kimelala magharibi, adhuhuri kimejikunja upande wa kaskazini, jioni kimenyooka kuelekea mashariki. Anayetaka kupumzika hana budi kuhama nacho. Mvua za masika zikija, majani hurudi na kivuli hutanda pande zote. Msitu ni uleule, ila namna ya kuutembea imebadilika.

Mji wa Kale una kanuni nyingine. Kwenye barabara ya Ndia Kuu kivuli ni kazi ya kuta na roshani, na wembamba wa njia humfunika mpitaji mwaka mzima. Huko mjenzi ndiye aliyeamua mtu apite wapi; huku uamuzi ni wa jua na shina.

Ukarabati wa Mama Ngina, uliozinduliwa wakati wa Siku ya Mashujaa, Oktoba 2019, ulileta njia za kutembea zilizosakafiwa, jukwaa na viti. Sifa yake ni kwamba mzee na mtoto sasa wanatembea bila kujikwaa. Kasoro yake ni ya kifani: mpango mzima umeelekezwa baharini, kwenye meli zinazoingia Kilindini, na mibuyu imeachiwa kazi ya pambo la nyuma. Kiti cha saruji hakihami. Saa nane mchana kimeachwa juani, ilhali muuza madafu ameshasogeza mzigo wake mara kadhaa. Yeye ameusoma msitu kuliko mchoraji wa ramani.

Dawa si kuongeza saruji. Ni kuchanganya miti: mwarobaini, ambao Mombasa unaota kila uchochoro na haubaki uchi muda mrefu, upandwe kwenye nafasi pana, mbali na mizizi ya wakongwe, ubebe zamu ya kivuli miezi ambayo mbuyu umevua. Na mashina yazungushiwe viti, ili kila saa upande mmoja uwe na pa kukaa kivulini. Hapo aliyekuja kutazama meli atajikuta, bila kuambiwa, ameuzunguka mbuyu mzima.