Mchanga umeshachuja nusu

Mwezi wa Oktoba, ukishuka kwenye makorongo ya upande wa Mvumi, wilayani Chamwino, mto huukuti. Unakuta mchanga mweupe, nyayo za ng'ombe, na mashimo yaliyochimbwa kwa mkono mpaka maji yakaonekana. Nilipopita huko mara ya kwanza nilikuwa na kichujio kipya mfukoni, kile cha mirija ambacho wapanda milima wanakiita filta, nami nikajiona nimejiweza. Mama mmoja alikuwa shimoni. Alichota kata ya kwanza akaimwaga pembeni, akachota ya pili akaimwaga vilevile, kisha akakaa akingoja shimo litoe maji mapya. Nilipoinama na chupa yangu akanizuia: "Subiri mwanangu, hayo bado."

Sikuwa na subira. Njiani palikuwa na lambo la mifugo, maji yake rangi ya chai ya maziwa, nikajaza hapo na kukamua. Lita ya kwanza ilitoka safi kabisa. Ya tatu ilitoka kwa kusuasua. Jua lilipozama, kichujio ambacho boksi lake lilijigamba kuchuja maelfu kwa maelfu ya lita kilikuwa kinatoa tone moja moja, kama bomba la mtaani siku ya mgawo.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmoja: Chamwino kichujio hakiuawi na vijidudu. Kinauawa na udongo na chokaa, na dawa ya vyote viwili iko mikononi mwa mwenye kichujio.

Ndani ya kile kipande cha plastiki kuna fungu la nyuzi nyeupe, kila uzi ni mrija mwembamba kama tambi, zimekunjwa na ncha zake kugandishwa kwenye gundi ngumu. Ukuta wa kila mrija una matundu ya maikroni 0.1 au 0.2, kutegemea mtengenezaji. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Maji yanapenya ukuta kutoka nje, yanaingia ndani ya mrija, yanatokea kinywani. Kimelea cha kipindupindu kina unene wa karibu nusu maikroni, kwa hiyo kinabaki nje. Giardia, anayeweza kukuendesha chooni wiki nzima, ana maikroni 8 hadi 12 na hana hata sababu ya kujaribu. Virusi ndivyo vinavyopita. Kirusi cha homa ya ini A kina upana wa maikroni 0.03 hivi, tundu hilo kwake ni lango la zizi.

Sasa udongo. Chembe za mfinyanzi zina upana wa chini ya maikroni 2. Nyingi haziwezi kupenya tundu, lakini hazirudi zilikotoka pia. Zinalala juu ya ukuta wa mrija, zinabanana, na kila ukikamua kwa nguvu zaidi unazishindilia kama mtu anayekandika tembe. Maelezo ya kwenye boksi yaliandikwa na watu wanaochota kwenye vijito vya milimani ambako unaona kokoto chini ya maji. Ugogo hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na inapoanguka juu ya ardhi iliyokaushwa kwa miezi saba hubeba kila kitu kuelekea lamboni.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye ndoo. Jaza maji, yaache yatulie usiku kucha kama una nafasi, na asubuhi mimina taratibu kupitia kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne, bila kutikisa matope ya chini. Maji yakiwa mazito sana, tumia mbegu za mlonge: menya maganda, twanga kiini kile cheupe mpaka kiwe unga, punje moja au mbili kwa lita, koroga haraka kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika tano au zaidi, uache saa moja au mbili. Utaona mabonge yanazama. Watu wa pwani wanafanya hivyohivyo kwa shabu. Mlonge hauui vijidudu wote, na maji yake yakikaa siku mbili yanaanza kunuka, lakini kazi tunayoutuma ni kuondoa tope tu. Na kama una bahati ya kuwa karibu na shimo la mchangani, fanya kama yule mama: mwaga ya juu, ngoja yanayopanda. Mchanga umeshachuja nusu, umebakiza kinyesi cha mbuzi waliokunywa jana na mkono ulioshika kata. Nusu hiyo iliyobaki ndiyo kazi halali ya kichujio.

Baada ya kuchuja, kuosha. Kifaa hicho huja na bomba la sindano lisilo na sindano, nalo wengi hulipoteza wiki ya kwanza. Lijaze maji yaliyokwisha kuchujwa, lichomeke upande wa kutokea, sukuma kwa nguvu. Maji yanarudi kinyume na tope linatoka upande wa kuingilia, mwanzoni jekundu, kisha linafifia. Rudia mpaka yatoke meupe. Kwa maji ya lambo nafanya hivyo kila lita mbili. Kwa maji ya mchangani, jioni mara moja inatosha. Usitumie maji machafu kuoshea, hata kwa dharura: utakuwa umepeleka vijidudu upande wa ndani wa mirija, ambao ndio unaouwekea mdomo.

Chokaa ni adui mpole zaidi. Kila aliyeishi Dodoma anajua gamba jeupe linaloota ndani ya birika, na wengi wanajua sabuni isiyotoa povu. Maji hayohayo yakikaukia ndani ya kichujio yanaacha gamba lilelile kwenye matundu. Unakitundika ukutani baada ya safari ya Mtera, unakitoa miezi mitatu baadaye, hakipitishi kitu, na unadhani kimekufa. Mara nyingi hakijafa. Kiloweke kwenye siki nyeupe kwa nusu saa, kisukumie maji kinyume, kisha kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu na urudie. Nimewahi kukifufua kimoja hivyo baada ya kukikatia tamaa. Maji ya moto sana hapana, gundi inalegea. Kama hutakitumia kwa muda mrefu, suuza mwisho kwa maji ya mvua au ya chupa yasiyo na chumvi, kisha kikaushe kivulini.

Kuna jaribio moja ambalo wauzaji hawalitaji, na ndilo ninalolipenda. Kichujio kilichoangushwa kwenye jiwe kinaweza kuwa na mrija uliovunjika ndani, usiuone. Maji yatatoka kwa kasi nzuri, utafurahi, kumbe yanapita kwenye ufa pamoja na kila kilichomo. Kilowanishe kwanza vizuri, halafu weka mdomo upande wa kuingilia upulize. Kikiwa kizima, hewa haipiti kabisa, hata ukivimba mashavu, kwa sababu maji yaliyojaa kwenye matundu madogo kiasi kile yanashikilia kwa nguvu kuliko mapafu ya mtu yanavyoweza kusukuma. Ukisikia hewa inapita, tupa. Kichujio kinachotoa maji kwa shida ni salama kuliko kinachotoa kwa urahisi wa ghafla.

Virusi vilivyopita, vimalize kwa kidonge cha klorini baada ya kuchuja. Usikiweke kabla, kwani tope hula klorini yote na vijidudu wanabaki. Fuata kipimo cha pakiti, ngoja dakika 30. Kuchemsha nako kunatosha, hata kwenye nyanda hizi zenye zaidi ya mita 1,000 ambako maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi. Shida ni kuni. Na unapochota lamboni, usiingie kwa miguu: kichocho huingia kwa ngozi, kichujio kikiwa kimetulia mfukoni.

Kuna jambo ambalo kichujio cha mfukoni hakiligusi hata kidogo, nalo ni lile lililoyeyuka. Chumvi ya visima virefu inabaki, na floraidi inabaki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floraidi kuwa miligramu 1.5 kwa lita, na meno yenye madoa ya kahawia ya watu wengi wa kati na kaskazini mwa nchi yanaonyesha kwamba visima vingi vinavuka hapo. Ioni ya floraidi ni ndogo kuliko tundu la mrija kwa mamia ya mara. Kuitoa kunahitaji kemia: mkaa wa mifupa, unaofanyiwa kazi miaka mingi kwenye kituo cha Ngurdoto huko Arusha, au vichujio vya aina ya kile cha Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, aliyeshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015. Chake kinaunganisha mchanga na vitu vya nano, na hurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Hapo ndipo penye akili ya kazi yake: alianza kwa kuuliza maji haya yana nini. Ila hicho ni kifaa cha nyumbani au cha kioski cha maji, hukibebi begani kwenda Mlowa.

Kwa mchungaji wa siku mbili tatu, mpima ardhi, mwalimu anayetembelea shule za pembezoni, floraidi ya safari moja haimdhuru; kipindupindu cha glasi moja kinamdhuru. Kwa hiyo kichujio cha mirija kina nafasi yake halali. Kwa familia inayokunywa kisima kilekile miaka ishirini, kichujio hicho ni faraja ya uongo, na kipimo cha maji cha maabara kina thamani kuliko dazeni ya filta.

Ukiuziwa kilichotumika, mnadani au kwa rafiki, kilowanishe na kukipuliza mbele ya muuzaji, na udai bomba lake la sindano. Likikosekana, usilipe.