Jumamosi ya kuonja divai Kisaka

Kabla ya kuonja, mama alisikiliza. Alifunua mtungi wa pombe ya ulezi, akatega sikio karibu na mdomo wake kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Humo ndani mapovu yalikuwa yanapasuka moja moja, haraka haraka. Akachota kidogo kwa kata, akanusa, akaweka ulimini, akanyamaza, kisha akatema pembeni.

"Bado, mwanangu. Utamu wa kimea haujaisha. Mpaka jioni."

Nilikuwa nimekuja kwa mama, Kisaka, na chupa nne za divai ya Dodoma, mbili nyeupe na mbili nyekundu, ili wikiendi hiyo tuzionje kwenye kiduka kilichopakana na ua wake. Nilikuwa nimesoma namna kazi hiyo inavyofanywa: nyeupe kwanza, nyekundu baadaye, maji ya kusuuza kinywa katikati, kiasi kidogo kwa kila mtu. Chupa ya mililita 750 ukiipima mililita 30 kwa kila kikombe inatoa vionjo 25. Tulikuwa watu 14, kwa hiyo chupa moja ya kila aina ingetosha, na ya pili ingebaki kwa kurudia. Hesabu ilikuwa sawa. Kilichoharibika ni joto.

Chupa zilishinda kwenye kaunta tangu asubuhi, chini ya bati. Saa nane mchana nilipomimina nyeupe ilikuwa vuguvugu, na watu wakakunja uso. Hawakukosea. Divai nyeupe inasimama juu ya uchachu wake, na inapopata joto uchachu huo haukati tena ulimini, utamu unajitokeza, na kilevi kinapanda puani kabla ya harufu ya tunda. Kwa divai ya Dodoma hasara ni kubwa zaidi. Kule, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zabibu inayoivia kwenye jua kali hupoteza uchachu upesi. Mvunaji na mtengenezaji wamehangaika kuulinda ule kidogo uliobaki, halafu mimi nikaumaliza kwa kuisahau chupa chini ya bati.

Aliyetuokoa ni mama. Aliichukua chupa ya pili, akaizungushia kipande cha kanga kilicholowa, akaisimamisha kwenye beseni lenye maji kidogo, kivulini, mahali upepo unapopita. Maji yanapokauka kwenye kitambaa huondoka na joto la chupa, sawa na mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa kwa kutoa jasho. Kila kitambaa kilipoanza kukauka alikilowesha tena. Baada ya saa moja na nusu hatukuwa na baridi ya friji, ila divai ilikuwa imerudi. Mwalimu mmoja aliyekuwa amekiweka chini kikombe chake alikiomba tena.

Jambo la pili ni chombo. Hatukuwa na glasi za kuonjea, zile zenye tumbo pana na mdomo mwembamba unaokusanya harufu. Tulikuwa na vikombe vya chai. Nikawaambia wenzangu tujaze kidole kimoja tu, tuzungushe, tuingize pua ndani. Hapo nikaelewa kitu ambacho kilikuwa kikipita mbele ya macho yangu miaka yote. Pombe ya ulezi, amarwa kama Wakuria wanavyoiita, huko nyuma ilinywewa kwa mrija mrefu, watu wamezunguka chungu kimoja, na ncha ya mrija ina kichujio cha kuzuia machicha. Ni ufundi wa kale sana duniani. Mirija minane ya dhahabu na fedha iliyofukuliwa mwaka 1897 kwenye kaburi la Maikop, kusini mwa Urusi, mwaka 2022 wataalamu walipendekeza kwamba ilikuwa mirija ya kunywea bia, nayo ina vichujio vyake. Lakini mrija unaipita pua. Kinywaji kinafika kinywani bila harufu yake kutangulia. Ndiyo maana mpika pombe, anapokagua kazi yake, hashiki mrija. Anashika kata. Mrija ni wa mnywaji. Kata, yenye uwazi wa kunusa, ni ya fundi. Na kutema vilevile ni kwa fundi, maana anayeonja mitungi mitatu tangu alfajiri anauhitaji ulimi wake mzima hadi jioni.

Nyekundu ndiyo iliyoleta mjadala. Nilitarajia ule mkauko unaobana ulimi na ufizi uwasumbue. Mama alionja, akasema mara moja: "Hii ina ukakasi wa ulezi mwekundu." Nilikuwa nimejiandaa kueleza tanini kwa dakika kumi, naye alikuwa na neno lake na mfano wake tayari. Na ni kweli kabisa. Tanini na ndugu zake zimo kwenye ganda la zabibu nyekundu, na zimo kwenye ganda la ulezi wa rangi nyeusi-nyekundu. Mtama mwekundu wa aina fulani unazo nyingi kiasi kwamba ndege huukwepa shambani. Zikikutana na ute wa kinywa zinaukamata, na ulimi unakosa utelezi. Fundi baiskeli akalinganisha na ndizi mbichi. Kuanzia hapo kila mtu alijua anatafuta nini kikombeni, na maneno hayakukatika: chachu, kakasi, nzito, inayokaa kooni, inayokimbia.

Kosa jingine lilikuwa dagaa. Mwenye duka alikaanga dagaa wa ziwani kwa nia njema, tukawala pamoja na nyekundu, na kinywani ikabaki ladha ya shombo, kama umelamba chuma. Chuma kidogo kilichomo kwenye divai, hasa nyekundu, kinaamsha shombo ya samaki. Tukarudi kwenye nyeupe, na dagaa wakawa watamu. Nyekundu tukaihifadhi hadi nyama ilipoiva.

Jioni mtungi ulikuwa tayari. Nikamuuliza mama alijuaje kwamba ni jioni, si saa kumi. Akanieleza anavyoonja kila baada ya muda. Mwanzo pombe ni tamu, kwa sababu kimea kimeuvunja wanga kuwa sukari. Kisha sukari inapungua na ukali unapanda, kwa sababu chachu inaila. Pembeni uchachu nao unakua, kazi ya bakteria walewale wa maziwa ya mgando. Mistari hiyo mitatu hukutana kwa saa chache tu, na anayeonja mara moja hawezi kujua pombe imefika wapi. Lazima uwe na kumbukumbu ya kionjo kilichopita.

Hapo nikaona pengo la mpango wangu wote. Nilikuwa nimepanga divai moja baada ya nyingine, nikaacha kupanga saa. Nilidhani kilichofungwa chupani kimekwisha kutengenezwa. Ni kweli chachu yake imemaliza kazi, lakini kizibo kikitoka tu hewa inaanza kazi yake. Kwa hiyo mama akaibadili ratiba. Tuliionja nyekundu ya pili ilipofunguliwa, tukaionja baada ya saa moja, tukaibakiza chupa nusu hadi asubuhi. Baada ya saa moja harufu ya tunda ilikuwa imefunguka na ukali wa pua umetulia. Jumapili asubuhi ukakasi ulikuwa umelainika, lakini tunda limefifia. Nyeupe iliyolala wazi ilikuwa imechoka kabisa, inanuka kama tufaha lililokatwa likaachwa. Watu sita waliorudi walikubaliana bila ubishi, na nadhani ni kwa sababu mara hii walikuwa na cha kulinganisha: divai ileile, waliyoifahamu jana.

Jumapili jioni kwenye chupa nyekundu kulibaki vidole viwili. Mama alichonga gunzi la mahindi, akaizibia, akaiweka kando ya mtungi uliokwisha kunywewa.

"Jumatano tutaionja tena," alisema. "Nataka kuona inageuka siki siku gani."