Gauni Lililotoka Kwenye Katuni

Gauni la dhahabu la Belle, katika filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1991, Beauty and the Beast, halina zipu wala bitana, na halielemei mabega. Ni mchoro, na mchoro haujui uzito wa kitambaa. Fundi anayetaka kulishona huanzia pale mchoraji alipoishia: gaguro liwe na tabaka ngapi ili sketi ipanuke, mabega yakiwa wazi nguo ishikiliwe na nini mvaaji akicheza, zipu ifichwe wapi. Kazi hii naistahi sana.

Tazama mkono wa gauni la Snow White. Katika filamu ya 1937 ni mkono wa buluu uliofura, wenye mabaka mekundu ya umbo la tone. Kila picha ilichorwa na kupakwa rangi kwa mkono, kwa hiyo mistari ilipunguzwa. Fundi stadi haridhiki kubandika matone mekundu juu ya buluu. Huchana ile buluu vipande virefu, akakunja kingo, akaweka chini yake kitambaa chekundu kipana zaidi kilichopigwa marinda, akapiga bandi juu na chini. Akivuta uzi, wekundu hufutuka wenyewe katikati ya nafasi. Ndivyo walivyovaa wakwasi wa Ulaya karne ya 16.

Wapo wanaosema haya yote ya magauni ya katuni ni biashara iliyowateka watoto. Biashara ipo, tena kubwa, lakini hamu ilitangulia duka. Karibu na mwaka 2000, Andy Mooney, aliyesimamia bidhaa za Disney, alikwenda kwenye onyesho la kuteleza juu ya barafu mjini Phoenix, Marekani, akakuta wasichana wadogo wamevaa magauni ya kifalme ya kuungaunga, ambayo kampuni yake haikuwauzia. Wazo la kuwakusanya mabinti wa kifalme wa filamu za Disney chini ya jina moja la Disney Princess lilitokea hapo.

Tena mchoro wenyewe ulizaliwa na nguo. Marjorie Belcher, mcheza dansi aliyejulikana baadaye kama Marge Champion, alicheza mbele ya kamera akiwa na vazi la Snow White ili wachoraji waone sketi inavyoufuata mwili. Helene Stanley akafanya vivyo hivyo kwa Cinderella ya mwaka 1950. (Gauni la Cinderella kwenye filamu ni jeupe la kung'aa kama fedha, madukani likageuzwa buluu. Mimi niko upande wa fedha.) Nadhani ndiyo maana magauni haya hayachuji: yalikuwa na mwili ndani yake tangu mwanzo, na anayeyashona leo anayarudisha kwenye mwili.

Kwa hiyo kipimo cha mwisho si kioo. Fundi humwambia mvaaji azunguke, kisha asimame ghafla. Sketi inatakiwa ichelewe kidogo nyuma ya kiuno, iendelee kuzunguka baada ya miguu kutulia. Ikisimama pamoja naye, pindo hufumuliwa na gaguro huongezwa tabaka.