Wanaosimamisha Shabaha Kambini

Bunduki ya mgeni aliyekuja kuwinda hufika kambini ikiwa imerushwarushwa na mizigo ya ndege mbili tatu. Kwa macho ni nzima. Lakini darubini yake huenda imehama. Ndiyo maana, katika vitalu vya uwindaji vya Tanzania, kabla ya kumfuata nyati yeyote, wasoma nyayo hutangulia na kipande cha boksi. Hukiegemeza kwenye kichuguu kinene kitakachomeza risasi, hupima hatua 100, hujaza mfuko mchanga ili bunduki ipate pa kulala.

Mgeni anafyatua mara tatu. Mzee wa nyayo anakwenda, anagusa kila tundu kwa kidole, anarudi na jibu: kushoto, vidole vinne. Skrubu ya darubini inazungushwa, mtutu unaachwa upoe, wanaanza upya juani bila kunung'unika.

Kosa la sentimita 10 kwa mita 100 huwa 20 kwa mita 200. Hapo ndipo nyati hujeruhiwa akaingia kichakani, na wa kwanza kumfuata, macho chini kwenye matone ya damu, ni msoma nyayo yuleyule. Mnyama akianguka papo hapo na watu wote wakarudi salama, tukumbuke boksi lile na mikono iliyolisimamisha.