Hatia ya Msimulizi katika House of Usher

Msimulizi wa hadithi fupi ya Edgar Allan Poe (1839), rafiki wa utotoni wa Roderick Usher, anauona wekundu usoni pa Madeline ndani ya jeneza. Hata hivyo anashirikiana na Roderick kukaza kifuniko. Ushiriki huu ndio unaotufanya tuutilie shaka usimulizi wake wote. Katika filamu ya Roger Corman (1960), mhusika huyu amegeuzwa kuwa Philip, mchumba wa Madeline. Roderick, anayeigizwa na Vincent Price kwa ustadi usiopingika, ndiye anayeona dalili za uhai na kuharakisha kulifunga jeneza. Philip anabaki bila doa, na mgogoro unakuwa wa wanaume wawili wanaomgombea mwanamke. Moto wa mwishoni unapendeza macho. Swali la Poe, kwamba msimulizi aliona na akanyamaza, halipo tena.