Kitambaa Kinachonasa Urani Baharini

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban mikrogramu 3 tu za urani. Anayetaka kilo moja inambidi apitishe maji yasiyopungua lita milioni 300, tena yote yaachie urani yake bila kubakisha chembe. Pampu za kusukuma maji mengi kiasi hicho zingemeza gharama kubwa kuliko thamani ya kinachopatikana. Watafiti wa nishati ya atomiki wa Japani wakaona ni heri kazi ya kusukuma waiachie bahari yenyewe.

Walichotengeneza ni kitambaa cha nyuzi za polietilini, plastiki ileile ya mifuko. Nyuzi zilipigwa kwa miale ya elektroni ili minyororo ya kemikali nyingine iote juu yake, kisha minyororo hiyo ikageuzwa kuwa amidoksimu. Ufundi wenyewe uko hapa. Urani ya baharini haielei peke yake: imezingirwa na kaboneti tatu zilizoing'ang'ania. Amidoksimu ina oksijeni na nitrojeni zilizokaa jirani, nazo huibana urani kama gando la kaa hadi kaboneti ziachie. Sodiamu, ambayo kwa uzito imeizidi urani mara zaidi ya milioni 3, hupita hivihivi. Kutengeneza uzi unaojua cha kushika na cha kuacha katikati ya msongamano huo ni kazi ya kuvuliwa kofia.

Kati ya 1999 na 2001, kilo 350 za kitambaa hicho zilipangwa kwenye vizimba na kuning'inizwa mita 20 chini ya uso wa bahari, kilomita 7 kutoka pwani ya Mutsu-Sekine, mkoani Aomori. Zilikaa majini jumla ya siku 240. Maji yalipopata joto, kitambaa kilinasa zaidi. Hata mawimbi makubwa, ambayo mvuvi huyaogopa, yalisaidia, kwa kuwa yalipenyeza maji mapya kati ya matabaka. Vilipoopolewa, vitambaa vilioshwa kwanza kwa asidi hafifu iliyoondoa kalsiamu na magnesiamu, halafu kwa asidi hidrokloriki yenye nguvu zaidi, ndipo urani ikaachia. Ilipatikana takriban kilo moja.

Adui wa kazi hii ni vanadi, metali nyingine iliyoyeyuka baharini. Huing'ang'ania amidoksimu kuliko hata urani, hujaza nafasi nyingi, na asidi ya kuing'oa ni kali kiasi cha kukiharibu kitambaa ambacho kilipaswa kurudi baharini tena na tena. Wanakemia wanaoendelea na utafiti huu wanatafuta gando litakaloikataa vanadi na kuipokea urani, na kwa maoni yangu hapo ndipo juhudi zote zinapostahili kuelekezwa.

Urani ya migodini bado ni nafuu kuliko hii. Lakini iliyoyeyuka baharini inakadiriwa kupita tani bilioni 4, mamia ya mara ya akiba inayojulikana ardhini.