Bao la Ugenini

Mimi ni mtu wa Simba. Naliweka hilo mwanzoni ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani, maana katika nchi yetu mtu akiandika habari za Yanga huulizwa kwanza rangi ya fulana yake, kisha ndipo husikilizwa. Hapa Bahi mambo ni hayo hayo. Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu, ni Yanga wa damu, na kwa zaidi ya miaka thelathini tumebishana juu ya kandanda kuliko tulivyobishana juu ya mahari.

Msimu ninaotaka kuuzungumzia ni ule wa 2022/23, ambao kwa maoni yangu umesimuliwa vibaya na wenyewe waliousherehekea. Simulizi iliyokubalika ni fupi. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakatoka sare ya mabao 2-2 na USM Alger ya Algeria kwa jumla ya mechi mbili, wakanyimwa kombe na kanuni ya bao la ugenini. Kila neno hapo ni la kweli. Lakini ukiyapanga hivyo, msikilizaji anaondoka akiamini kwamba timu ilionewa na karatasi. Shemeji yangu anaamini hivyo mpaka leo.

Tuanze na namna walivyofika huko. Yanga hawakuanzia Kombe la Shirikisho. Walianzia Ligi ya Mabingwa, wakawafunga Zalan ya Sudan Kusini bila taabu, kisha wakakutana na Al Hilal ya Omdurman. Dar es Salaam wakatoka 1-1, Omdurman wakafungwa 1-0. Wakati ule waliotolewa katika hatua ile waliteremshwa Kombe la Shirikisho, nasi watani tulicheka sana. Wakapangiwa Club Africain ya Tunisia. Nyumbani wakatoka 0-0, na siku ile hata wapenzi wao walitoka uwanjani wakimzomea kocha Nasreddine Nabi. Wiki moja baadaye wakaenda Tunis, mahali ambapo timu zetu zilizoea kwenda kuhesabu mabao ya kufungwa, wakashinda 1-0 kwa bao la Aziz Ki.

Watu walisema ni bahati. Mimi pia nilisema, tena kwa sauti kubwa. Mwisho wa Novemba 2022 Ihefu wakawafunga 2-1 kule Mbarali na kuikata ile safari ya mechi 49 za ligi bila kupoteza. Siku ile nilimpelekea shemeji kilo mbili za mchele kama rambirambi, nikamwambia ni wa Mbarali, ingawa ulikuwa wa hapa hapa Bahi.

Halafu nikaanza kuhesabu. Ugenini, tangu Tunis, Yanga walicheza mechi saba za Kombe la Shirikisho. Walishinda tano, wakatoka sare moja kwa Real Bamako, wakapoteza moja, ile ya Monastir ya mabao 2-0. Nyumbani nako walicheza saba. Walishinda nne, sare mbili, wakapoteza moja. Tofauti hiyo ni ndogo. Ondoa sasa mechi za makundi, ubaki na mechi za mtoano peke yake. Ugenini ni Tunis, Uyo kwa Rivers United, Rustenburg kwa Marumo Gallants, na Algiers. Nne, na zote wameshinda. Nyumbani ni sare ya 0-0 na Club Africain, sare ya 0-0 na Rivers United, ushindi wa 2-0 dhidi ya Marumo, na kufungwa 2-1 na USM Alger. Ushindi mmoja tu katika nne, nao dhidi ya timu iliyoshuka daraja kwao Afrika Kusini msimu ule ule.

Sijui timu nyingine ya kwetu iliyopata kuwa na hesabu za namna hii. Tumelelewa na mawazo kwamba nyumbani ndiko pa kushindia, na ugenini ni pa kujilinda na kumwomba Mungu. Yanga ya Nabi ilikuwa imegeuza mambo. Ukiitazama uwanjani, sababu ilionekana. Ilikuwa timu ya kungoja. Mlinda mlango Djigui Diarra alitoa mpira kwa miguu kama kiungo, Khalid Aucho na Yannick Bangala waliuvuta upande huu na ule mpaka mpinzani aingiwe na hasira na kutoka kwenye ngome yake, na hapo ndipo mpira mrefu ulipomtafuta Fiston Mayele. Mayele hakuhitaji nafasi kumi. Kule Uyo alipata nafasi zake, akafunga mara mbili, akatetema mara mbili, na robo fainali ikaisha siku ile ile.

Mchezo wa namna hiyo unahitaji mpinzani mwenye haraka. Kwao, mwenyeji ana haraka, kwa sababu watu wake nyuma yake wanapiga kelele. Kwa Mkapa, aliyekuwa na haraka alikuwa Yanga. Watu sitini elfu hawakai kimya wakitazama Aucho anarudisha mpira kwa Diarra. Wanaguna, na mguno wa watu sitini elfu ni agizo. Mchezaji anapiga mpira mbele kabla ya wakati. Sisemi hivyo ilikuwa katika kila mechi. TP Mazembe walifungwa 3-1 pale pale, na nilipiga makofi, Mungu anisamehe. Lakini Mazembe nao walikuja kucheza. Waliokuja kukaa nyuma, Club Africain na Rivers, hawakufungika.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo nalisema kwa heshima. Msimu ule Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa akitoa zawadi ya fedha kwa kila bao ambalo Simba na Yanga walifunga katika mashindano ya Afrika, kwanza shilingi milioni tano, baadaye zaidi. Lile likaitwa goli la mama, na lilipendwa nchi nzima. Mimi nililipenda pia. Ila nilijiuliza, je, mpira uliozuiwa una bei gani? Bao linahesabika, hata mtoto anaweza kulihesabu. Dakika kumi za kutulia na mpira ili mpinzani asiuone hazina mtu wa kuzilipa, na timu ile ilikuwa imejengwa juu ya dakika hizo.

Tarehe 13 Mei walitwaa ubingwa wa ligi kwa kuwafunga Dodoma Jiji 4-2. Mkoa mzima ulikuwa umegawanyika siku ile, maana wengi hapa ni Dodoma Jiji asubuhi na Yanga jioni. Siku nne baadaye wakamaliza kazi Rustenburg. Sasa ikabaki fainali, na mechi ya kwanza ilikuwa Dar es Salaam, Jumapili ya tarehe 28 Mei.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, aliuza gunia moja la mpunga akapanda basi. Sisi tukakaa kwenye banda la video karibu na stesheni. Kabla mpira haujaanza, simu zikaanza kuleta habari kwamba kuna msongamano mkubwa kwenye mageti ya uwanja na watu wameumia. Shemeji akampigia mwanawe. Simu haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Mpira ukaanza, nasi tukatazama, na naona aibu kusema kwamba tulitazama kweli. Dakika ya 32 Aymen Mahious akafunga. Banda likanyamaza. Nilimtazama shemeji usoni, nikashindwa kujua analilia lipi.

Mtu mmoja alifariki siku ile, na wengine wengi wakajeruhiwa. Katika simulizi za msimu ule ambazo nimezisikia, mtu yule anatajwa mara chache sana, na bao la ugenini linatajwa kila mara. Mpwa wangu alipatikana usiku kwa jamaa zetu Temeke. Simu ilikuwa imeisha chaji. Tiketi alikuwa nayo mfukoni, nzima, hakufika hata getini.

Lakini ninaandika juu ya mpira, na lazima niseme lililotokea uwanjani. Yanga walisukuma, walisukuma sana, wakacheza mipira ya juu ambayo mabeki wa USM Alger waliipenda. Dakika ya 82 Mayele akasawazisha. Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye kiini cha msimu mzima. Sare ya 1-1 nyumbani haikuwa nzuri, lakini kwa timu iliyokwisha kushinda Tunis, Lubumbashi, Uyo na Rustenburg, ilikuwa inatosha kabisa kupanda nayo ndege. Nabi alijua, Diarra alijua. Uwanja haukujua. Uwanja ulitaka la pili hapo hapo, na timu ikaenda na uwanja. Dakika ya 84 Islam Merili akafunga, na mpira ukaisha 2-1.

Kanuni ya bao la ugenini haikuandikwa usiku ule. Ulaya walikuwa wameifuta mwaka 2021, Afrika ilibaki nayo, na kila aliyeingia mashindanoni aliijua. Yanga wenyewe walikwenda Tunis baada ya 0-0 wakijua kwamba hata sare ya mabao ingewavusha. Mtu hawezi kuibusu kanuni Novemba na kuilaani Juni.

Waliokumbuka mbali walikumbuka 1993. Simba yangu ilitoka 0-0 na Stella ya Abidjan kwao, katika fainali ya Kombe la CAF, tukajua kombe ni letu. Niliisikiliza mechi ya marudiano hapa Bahi, kwenye redio ya mkulima iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, watu wamejaa uani mpaka kwenye zizi. Tulifungwa 2-0 nyumbani kwetu, na jina la Boli Zozo likabaki hapa kijijini, likapewa fahali mmoja mkorofi. Mwaka 2025 tulirudi tena fainali, sasa hili la Shirikisho, na RS Berkane ya Moroko. Kwao tulifungwa 2-0, marudiano yakapigwa Amaan, Zanzibar, tukatoka 1-1. Fainali tatu, na katika mechi tatu za nyumbani hatujashinda hata moja. Sisi tuliowahi kufungwa 4-0 na Mufulira Wanderers nyumbani mwaka 1979, kisha tukawafunga 5-0 Lusaka, tulipaswa kuwa tumekwisha kuliona jambo hili zamani.

Mechi pekee ambayo timu yetu yoyote imeshinda katika fainali hizo ni ile ya Algiers, Jumamosi ya tarehe 3 Juni 2023. Mpwa wangu alikuwa amerudi, akakaa katikati yangu na baba yake. Dakika ya saba Djuma Shabani akafunga kwa penalti. Kisha nikauona mchezo niliokuwa nikiusubiri tangu Februari: timu iliyotulia mbele ya umati usio wake, Bakari Mwamnyeto na wenzake wakiondoa mipira bila papara, Aucho akitembea pale wengine wanapokimbia. Kipindi cha pili USM Alger wakapata penalti, na Diarra akaidaka roho ya uwanja mzima. Nilisimama. Mtu wa Simba, mzee mzima, nilisimama nikapiga kelele, na wapo wanaonikumbusha hadi leo kila ninapokwenda kununua chumvi.

Walishinda 1-0, wakavaa medali za fedha. Ikulu waliandaliwa chakula. Mayele alimaliza mfungaji bora wa mashindano kwa mabao saba, Nabi akaondoka kabla ya msimu mwingine kuanza, na Mayele naye akaenda Misri.

Tulipotoka bandani usiku ule, shemeji alianza tena habari za kanuni. Mwanawe akamkatiza, jambo ambalo si desturi yake. Akasema, "Baba, mbona leo wamecheza hivi, na Jumapili hawakucheza hivi?" Shemeji akanigeukia mimi, kana kwamba Simba ndiyo ilipaswa kujibu. Nikamwambia twende kwanza tukafunike mpunga, umande ulikuwa umeanza kushuka.